Chembe zenye chaji katika uga wa sumaku zinapokaribia kasi ya mwanga: mwongozo kamili wa kuzipigia hesabu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia hapa Lubumbashi hukutana na mambo haya katika silabusi mbili. Kani ya sumaku iko kwenye silabusi ya umeme. Rilativiti, yaani nadharia ya Einstein ya mwendo unaokaribia kasi ya mwanga, iko kwenye nyingine, na mara nyingi imewekwa kurasa za mwisho ambazo mwaka unaisha hazijaguswa. Siku ya interro (jaribio la darasani) linakuja swali moja linalotaka yote mawili, na hapo wengi wanakwama. Mwongozo huu ni wao, na ni wa mwalimu wa sekondari anayetafuta mifano yenye namba za kweli. Tafuta daftari, kalamu, rula, na simu yenye kikokotozi kinachotoa kipeuo cha pili.

Jambo ninalolisisitiza ni moja: sumaku haisomi kasi ya chembe, inasoma momenta yake, yaani kiasi cha mwendo wake. Ukianza hesabu na kasi, utajikwaa. Anza na nishati, toka hapo uende kwenye momenta, na kasi iache ije mwisho kama inahitajika.

Kwa nini kazi hii ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa

Kani ya sumaku daima iko pembemraba na mwendo wa chembe. Inaisukuma pembeni, haiisukumi mbele wala nyuma. Kwa hiyo haifanyi kazi yoyote juu yake, na nishati ya chembe haibadiliki hata kidogo maadamu hakuna uga wa umeme. Kizidishio cha rilativiti, gama (γ), ni nishati yote ya chembe ikigawanywa kwa nishati yake tuli (mc², c ikiwa kasi ya mwanga), ile iliyo nayo hata ikiwa imesimama. Nishati haibadiliki, basi na gama haibadiliki. Ndani ya uga wa sumaku pekee, gama ni namba unayoitafuta mara moja tu na kuitumia hadi mwisho wa swali.

Ndiyo maana sura ya jibu inabaki ileile uliyoizoea tangu sekondari. Chembe inazunguka kwenye duara lenye nusukipenyo

r = p / (qB)

ambapo p ni momenta, q ni chaji na B ni nguvu ya uga wa sumaku. Tofauti yote imejificha ndani ya p. Kwa Newton, p = mv (masi mara kasi). Kwa Einstein, p = γmv. Tazama baiskeli mbili zinazoingia mjini alfajiri kwa kasi ileile, moja tupu na nyingine imepakia magunia ya makala (makaa): kuipindisha ya pili kunataka nguvu zaidi, ingawa kasi ni moja. Elektroni mbili zinaweza kuwa na kasi zinazotofautiana kwa sehemu moja ya elfu tu, huku momenta ya moja ikiwa mara kumi ya mwenzake. Sumaku inaitofautisha hiyo momenta bila shida.

Utasikia watu wakisema masi ya chembe “inaongezeka” ikienda kasi. Mimi nakushauri uiache lugha hiyo. Ukiizoea utaanza kuiingiza gama mahali isipohitajika, kwa mfano kuandika nishati-mwendo kuwa nusu ya γmv², na hilo ni kosa. Masi ya elektroni ni ileile popote. Kinachobadilika ni uhusiano wa kasi na momenta.

Hatua ya kwanza: nishati tuli

Andika namba hizi tatu ndani ya jalada la daftari lako. Elektroni: MeV 0.511. Myuoni, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi: MeV 105.7. Protoni: MeV 938.3. MeV ni elektronivolti milioni moja, GeV ni bilioni moja. Ukizifanyia hesabu nishati zote kwa MeV au GeV, na momenta kwa MeV/c au GeV/c, hutalazimika kubeba namba zenye sifuri thelathini, na makosa ya kikokotozi yatapungua sana.

Hatua ya pili: kutoka nishati-mwendo hadi momenta

Jumlisha nishati-mwendo na nishati tuli, upate nishati yote E. Kisha:

pc = √(E² − (mc²)²)

Gama ni E / mc². Kasi, kama sehemu ya kasi ya mwanga, ni pc / E. Hakuna kingine cha kukariri.

Tuchukue mfano wa huku kwetu Katanga. Mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yana urani, na urani ikioza (ikijigeuza elementi nyingine) hatua kwa hatua inapitia radiamu, gesi ya radoni, na baadaye bismuthi-214. Bismuthi hiyo hutoa elektroni, yaani mionzi ya beta, zenye nishati-mwendo inayofika hadi MeV 3.27. Chukua elektroni ya nishati hiyo ya juu kabisa.

E = 3.27 + 0.511 = MeV 3.781.
pc = √(3.781² − 0.511²) = √14.035 = MeV 3.746.
Gama = 3.781 / 0.511 = 7.4.
Kasi = 3.746 / 3.781 = 0.991 ya kasi ya mwanga.

Sasa fanya hesabu ya zamani uone kinachotokea. Kwa Newton, pc = √(2 × 0.511 × 3.27) = MeV 1.828. Momenta imetoka chini ya nusu ya ile ya kweli. Na ukiigawa kwa masi kupata kasi, unapata 1.828 / 0.511 = 3.58, yaani elektroni inayokwenda mara tatu na nusu ya kasi ya mwanga. Jibu la namna hiyo likitokea kwenye daftari lako, usiliandike kwenye karatasi ya mtihani. Rudi kwenye hatua hii.

(Mfano huu ni wa daftarini tu. Usiende kutafuta mawe hayo uyaweke nyumbani. Radoni ni gesi, inatoka kwenye jiwe na kuvutwa na wanaolala chumba kimoja nalo.)

Hatua ya tatu: nusukipenyo

Kwa chembe yenye chaji ya elektroni moja, kanuni ya kazi ni hii:

r = p / (0.3 × B)

r iwe kwa mita, p kwa GeV/c, B kwa tesla (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Ile 0.3 inatokana na kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde. Ukitaka usahihi zaidi andika 0.2998. Chembe yenye chaji mbili, kama alfa, zidisha 0.3 kwa 2.

Elektroni yetu ya bismuthi katika uga wa tesla 0.1: r = 0.003746 / (0.3 × 0.1) = mita 0.125, sentimita 12 na nusu. Hesabu ya Newton ingekupa sentimita 6. Tofauti hiyo unaipima kwa rula ya shule.

Je, lazima utumie rilativiti kila mara? Hapana. Gawa nishati-mwendo kwa mara nne ya nishati tuli: jibu ndilo kosa la Newton katika momenta, kwa makadirio, ilimradi jibu hilo ni dogo. Elektroni za televisheni za zamani za rangi, zile zenye tyubu nzito ya kioo, zilisukumwa kwa volti 25,000 hivi. Basi 25 / (4 × 511) ni kama asilimia 1.2. Protoni ya MeV 1: 1 / (4 × 938), hata sehemu moja ya elfu haifiki. Hapo Newton anatosha kabisa.

Upande wa pili kuna LHC, mashine ya kuongeza kasi ya chembe ya maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iliyosanifiwa kuzungusha protoni za GeV 7,000 kwa sumaku za tesla 8.33. Weka namba: 7,000 / (0.2998 × 8.33) inatoa kama mita 2,800. Ndiyo maana inahitaji njia ya chini ya ardhi yenye mzingo wa kilomita 27, kwani si njia yote iliyojaa sumaku za kupindisha. Gama ya protoni hizo ni kama 7,460. Mtu akiisahau gama atapata duara la sentimita 38, mashine ya kuingia kwenye kabati.

Upande gani, na mwendo ukiwa wa mshazari

Tumia mkono wa kulia. Nyoosha vidole kuelekea mwendo wa chembe, vikunje kuelekea uga, na dole gumba litaonyesha kani kwa chaji chanya. Kwa elektroni, geuza.

Kama chembe haiko pembemraba kamili na uga, igawe momenta mara mbili: sehemu iliyo pembemraba na uga, na sehemu iliyo sambamba nao. Ya kwanza inaamua nusukipenyo. Ya pili haiguswi, kwa hiyo chembe inajizungusha huku ikisonga mbele, kama springi iliyovutwa. Hapa kuna mtego ambao ni lazima uukwepe: gama inatoka kwenye nishati yote. Usiitafute kwa kutumia sehemu moja tu ya kasi. Umbali ambao chembe inasonga mbele kwa kila mzunguko ni kasi sambamba mara muda wa mzunguko mmoja, na muda huo ni 2πγm / (qB).

Muda wa mzunguko, na pale saiklotroni ya Lawrence ilipogota

Kwa chembe ya polepole, muda wa mzunguko hautegemei kasi. Ikiongeza kasi, duara linakua sawia, na muda unabaki. Protoni katika tesla 1 huzunguka mara milioni 15.2 kwa sekunde, iwe na kasi ndogo au kubwa kidogo. Ernest Lawrence alijenga mashine yake, saiklotroni, juu ya bahati hiyo kuanzia 1931: volti inayogeuka-geuka kwa mpigo mmoja usiobadilika inaikuta protoni mahali pake kila inaporudi na kuisukuma tena.

Gama inaharibu mpango huo. Mizunguko kwa sekunde inagawanywa kwa gama. Protoni ya MeV 20 ina gama 1.021, kwa hiyo inachelewa asilimia 2.1. Inaonekana ndogo, lakini kuchelewa kunajilimbikiza. Chukua wastani wa asilimia 1 kwa kila mzunguko: baada ya mizunguko 25 protoni imechelewa robo ya mzunguko mzima, na volti haiisukumi tena. Ikiendelea kuchelewa itavutwa nyuma. Hans Bethe na Morris Rose walionya juu ya kikomo hiki 1937.

Njia za kutokea zilipatikana tatu. Ya kwanza ni kupunguza mpigo wa volti kadiri protoni zinavyopata nishati. Ya pili, iliyopendekezwa na L. H. Thomas 1938, ni kuufanya uga uwe na nguvu zaidi ukingoni, ili B ikue pamoja na gama, huku sumaku ikikatwa vipande vinavyozuia chembe kutawanyika. Ya tatu ni kuliacha duara lisikue: unaongeza B hatua kwa hatua kadiri momenta inavyopanda, na r inabaki palepale. Hiyo ndiyo sinkrotroni, ambayo msingi wake uliwekwa na Vladimir Veksler 1944 na Edwin McMillan 1945, kila mmoja kivyake.

Mtihani mzuri wa hatua zote hadi hapa ni pete ya myuoni iliyoko maabara ya Fermilab, Marekani. Momenta GeV/c 3.094, uga tesla 1.45. Fanya mwenyewe kabla ya kusoma mbele. Nusukipenyo ni mita 7.11, gama ni 29.3, muda wa mzunguko mmoja ni nanosekunde 149. Myuoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2 tu, muda ambao ungetosha mizunguko isiyofika 15. Lakini gama ileile inayopanua duara inarefusha na maisha yake: 29.3 × 2.2 ni mikrosekunde 64, na mizunguko inapita 400. Namba moja inafanya kazi mbili, na zote mbili zimepimwa.

Kusoma njia ya chembe kwenye picha kwa rula

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu, kwa sababu ni kazi unayoweza kuifanya mezani kwako. Chukua picha yoyote ya njia iliyopinda, ichapishwe kwenye duka la fotokopi, na hakikisha unajua kipimo: sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita ngapi kwenye chombo.

Weka alama mbili kwenye upinde, ziunganishe kwa mstari ulionyooka, pima urefu wake L. Katikati ya mstari huo, pima kimo s hadi kwenye upinde. Nusukipenyo ni:

r = L² / (8s) + s/2

Kimo ndicho chenye hatari. Ukikosea milimita moja kwenye kimo cha milimita tatu, momenta yako imekosea kwa theluthi moja. Kwa hiyo chagua L ndefu iwezekanavyo, tumia penseli iliyochongwa vizuri, pima mara kadhaa na uchukue wastani.

Sasa tumia njia hiyo kufuata alichokifanya Carl Anderson huko California tarehe 2 Agosti 1932. Alikuwa na chemba ya mawingu (chombo ambamo chembe inayopita inaacha mstari wa matone madogo) ndani ya uga wa tesla 1.5, na katikati yake bamba la risasi la milimita 6. Picha moja ilionyesha njia inayovuka bamba, na upande mmoja imepinda zaidi. Kwa namba nilizozichagua ili zilingane na matokeo yake: upande wa kwanza L = sentimita 6 na s = sentimita 0.32, unapata r = sentimita 14.2, na momenta 0.3 × 1.5 × 0.142, yaani MeV/c 64. Upande wa pili L = 4, s = 0.4, r = 5.2, momenta MeV/c 23.

Chembe haiwezi kupata nishati kwa kupita kwenye risasi. Lazima iliingia ikiwa na 64 na kutoka ikiwa na 23. Kwa hiyo mwelekeo umejulikana, na mwelekeo ukijulikana, mkono wa kulia unakupa alama ya chaji: chanya. Ni protoni basi? Hapa rilativiti ndiyo inayotoa hukumu. Protoni yenye MeV/c 23 ina nishati-mwendo ya MeV 0.28 tu, na protoni dhaifu hivyo inasimama baada ya milimita chache za hewa. Njia ile ilikuwa na sentimita kadhaa. Elektroni yenye momenta hiyohiyo ina nishati ya karibu MeV 23, na inapita bila shida. Chembe nyepesi kama elektroni lakini yenye chaji chanya: pozitroni. Yote yametoka kwenye kupinda kwa mistari miwili na bamba la risasi. Sijui hoja nyingine katika fizikia inayotoka mbali hivyo kwa vifaa vichache hivyo.

Ukihitaji kasi yenyewe

Sumaku peke yake haikupi kasi. Ongeza uga wa umeme ulio pembemraba na wa sumaku: chembe inayopita bila kupinda ni ile yenye v = E/B (hapa E ni uga wa umeme), na gama haimo kabisa kwenye kanuni hiyo. Ukishaichuja kasi hivyo, ipinde chembe kwa sumaku upate momenta, kisha linganisha. Walter Kaufmann alianza kupima elektroni za radiamu kwa nyuga mbili tangu 1901, lakini mpangilio wa kuchuja kasi ulitumiwa na Alfred Bucherer 1908, na matokeo yake yaliunga mkono p = γmv.

Mwanga unaopotea kwenye kona

Nilisema nishati haibadiliki. Kwa protoni ni kweli kwa kila matumizi ya kawaida. Kwa elektroni za nishati kubwa sivyo, maana chaji inayopindishwa hutoa mwanga, na kiasi kinakua kwa gama kwa kipeo cha nne. Kwa elektroni, upotevu kwa mzunguko mmoja kwa keV (elektronivolti elfu moja) ni

88.5 × E⁴ / r

E ikiwa nishati yote kwa GeV na r kwa mita. Pete ya SESAME huko Jordan ina elektroni za GeV 2.5 zinazopindwa kwa nusukipenyo cha mita 5.7 hivi: zinapoteza kama keV 600 kila mzunguko, na mwanga huo ndio watafiti wanaoutumia kuchunguza protini, metali na vitu vya kale. LEP ya CERN, mashine ya elektroni iliyotangulia LHC, ilifikisha GeV 104 hivi kwenye pete ya nusukipenyo cha mita 3,096, na upotevu ulipita GeV 3 kwa mzunguko. Protoni za LHC, kwenye handaki lilelile, hupoteza keV 6.7 tu. Ukikuta upotevu unazidi asilimia moja ya E, hesabu yako ya duara moja haitoshi tena. Punguza p kidogokidogo unapozungusha.

Uga usiolingana: andika programu

Uga ukibadilika mahali na mahali, kanuni ya duara haifai, unasogeza chembe hatua kwa hatua. Sogeza momenta, usisogeze kasi. Usitumie njia ya haraka ya kuongeza kani mara muda moja kwa moja: ukigawa mzunguko katika hatua 100, kila mzunguko utaiongezea chembe momenta ya bure ya karibu asilimia 20. Njia ya Boris inazungusha momenta bila kuirefusha:

t = qBΔt / (2γm)
s = 2t / (1 + t²)
p′ = p + p × t
p mpya = p + p′ × s

Hapa t, s, p na B ni vekta, Δt ni muda wa hatua moja, na alama × ni zao la vekta. Kisha tafuta gama kutoka kwa p, kasi ni p / (γm), sogeza mahali. Baada ya mizunguko elfu moja chapisha ukubwa wa p: ukiwa umebadilika, programu ina kosa, hata kama mchoro unapendeza.

Jaribu juu ya Lubumbashi

Uga wa dunia hapa ni takriban mikrotesla 30. Protoni ya mionzi ya anga yenye GeV/c 15, ikiwa kwenye uga huo, ingezunguka kwa nusukipenyo cha 15 / (0.3 × 0.00003), kama kilomita 1,670. Hiyo ni zaidi kidogo ya umbali wa ndege kutoka hapa hadi Kinshasa. Bila shaka uga unadhoofu ukipanda juu, kwa mchemraba wa umbali kutoka katikati ya dunia, kwa hiyo njia yake ya kweli si duara, na hapo ndipo programu yako inapohitajika. Carl Størmer wa Norway alizifuatilia njia hizo kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta, na kanuni yake inasema kwamba kwenye ikweta ya sumaku protoni inayokuja wima inahitaji karibu GeV/c 15 ili ifike chini.

Maliza kwa swali hili. Karibu na ikweta, uga unaelekea kaskazini. Protoni inashuka wima. Mkono wa kulia: vidole chini, vikunje kaskazini. Dole gumba linaelekea mashariki. Protoni inasukumwa mashariki, basi zile zenye nishati ya kutosha tu zitaonekana zikitoka zaidi upande wa magharibi. Bruno Rossi alilitabiri hilo 1930, na 1933 akalipima Asmara, Eritrea, mwaka uleule ambao wengine walilipima Mexico City. Mionzi zaidi ilitoka magharibi, na hivyo ikajulikana kwamba chembe nyingi zinazotufikia kutoka angani zina chaji chanya. Rudia swali hilo kwa elektroni, chora mshale wake, halafu endesha programu yako kwa zote mbili ulinganishe.